Mgomo wa Dua

Asubuhi ile Salkyn aliusukuma mlango wa wodi kwa bega, maana baridi ya Januari huubana mlango ule mpaka uombwe radhi. Mkononi alishika birika la chai, na mdomoni alikuwa na utani wa siku ulioiva tayari: alitaka kumwambia mzee Mambetaly kwamba usiku wa juzi alikoroma mpaka ng'ombe wa jirani wakadhani wanaitwa kukamuliwa. Utani ukamfia ulimini. Vitanda vilikuwa vitupu.

Vilitandikwa vizuri ajabu, mablanketi yamekunjwa, mito imepigwapigwa ikatuna kama mashavu ya mtoto. Kilichokuwa na mtu ni kimoja tu, cha dirishani. Hapo aliketi Bibi Uulkan, wima, kilemba chake cheupe kimekaa sawasawa, anabangua mbegu za alizeti kwa meno mawili ambayo Mungu alikuwa bado hajayadai.

"Usinikodolee macho," alisema bibi. "Sijawala mimi."

"Wako wapi?"

"Wametoroshwa. Jana ulipokwisha kwenda kwako, wana wao wakaja mmoja mmoja kama wezi wa kuku, na yule binti wa zamu ya usiku wakamwambia aende kwao. Huyu kambeba babake mgongoni, yule kamfunga mamake kwenye kigari cha theluji kama gunia la viazi. Mimi nimeachwa kwa sababu wanangu wote wako Urusi wanafagia theluji ya watu. Hapakuwa na wa kunionea aibu."

"Aibu ya nini, bibi?"

"Si tume ya leo! Taalay, mwenyekiti wetu mtukufu, kapita nyumba hata nyumba. Kasema wageni wa mji mkuu wanakuja na kamera, na wakikuta wazee wa Ala-Kungoy wamejipanga kwenye vitanda vya serikali, nchi nzima itasema wana wa huku wametupa wazazi wao."

Salkyn aliweka birika chini, akaketi kwenye kitanda kilicho karibu. Alikuwa mwanamke wa kucheka, kijiji kizima kilimjua hivyo, lakini kwa muda kidogo hakupata cha kuchekea.

Tume hiyo haikuwa inakuja kutafuta wana wabaya. Ilikuwa inatafuta vitanda vitupu. Mfuko wa afya wa serikali ulikuwa umetoboka, na tangu vuli watu wa tume walikuwa wakishuka bonde kwa bonde: penye wodi isiyojaa hata nusu, waliondoka na fungu la makaa ya mawe, dawa na mshahara wa muuguzi. Wodi ya bonde la jirani sasa ilikuwa ghala la viazi, na viazi vyenyewe, walivyosema watu, vilikuwa vimeganda. Ala-Kungoy walikuwa na wazee wa kujaza wodi mara mbili. Na usiku wa kuamkia ukaguzi, wenyewe kwa mikono yao, wakaimwaga. Ni kama kusikia mwizi anatafuta mlango ulio wazi, ukaondoka mbio kwenda kumfungulia, tena kwa heshima, kofia mkononi.

"Sasa?" aliuliza Bibi Uulkan.

"Sasa nakwenda kuwarudisha."

"Kwa miguu hiyo?"

"Miguu hii ilivuka mlima na mizigo ya vitunguu miaka ile mshahara wetu ulipolipwa kwa sabuni. Haitashindwa na kijiji." Akajifunga shali. "Simu yako ina chaji?"

"Ina chaji kuliko mimi."

"Basi iweke karibu."

Nyumbani kwa mwenyekiti Taalay palikuwa kama pana harusi. Sufuria kubwa ilikuwa inachemka uani, wakwe wawili walikata donge la unga wa tambi, na katikati ya ua alisimama kondoo mnono mwenye mkia wa mafuta, amefungwa kwenye nguzo, macho makavu, akitazama wanaume watatu waliosimama na visu vyao bila kufanya lolote. Taalay mwenyewe alikuwa anazunguka zunguka ndani ya koti jipya. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la cheo, lakini Salkyn alimjua tangu akiwa anakojoa kitandani, na hilo ni jambo ambalo mwenyekiti hawezi kulifuta kwa barua.

"Salkyn-eje!" alisema, akimwita dada mkubwa kama kila mtu kijijini. "Karibu! Umekuja kusaidia?"

"Nimekuja kuchukua mgonjwa wangu."

Uso wa Taalay ukaanguka kidogo. "Dada, leo tu. Wageni wakishaondoka nitamrudisha mwenyewe."

"Utamrudisha wapi? Wakikuta vitanda vitupu wanaifunga wodi leo leo. Jioni utakuwa na baba, huna mashine ya kumpa pumzi, na una nyama ya kondoo iliyobaki. Utamwekea babako mkia wa kondoo puani?"

Mmoja wa wenye visu alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Nitawaeleza wageni," alisema Taalay. "Nitawaambia wodi ni muhimu. Nimeandaa hotuba."

"Hotuba hailali kitandani."

"Dada, nielewe." Akashusha sauti. "Wewe unaona wagonjwa. Wao wataona nini? Mwenyekiti wa kijiji, nyumba ya vyumba vinane, babake kalazwa kwa serikali kama mtu asiye na mtoto. Na kamera juu! Marehemu mama angejigeuza kaburini."

Salkyn alimtazama, na kwa kweli alimhurumia. Aibu hiyo aliijua. Watu wa Ala-Kungoy wangeweza kulala njaa, kutembea na viatu vilivyotoboka, kudaiwa na nusu ya wilaya, lakini kuambiwa kwamba mzazi wako analishwa na mkono usio wako, hilo lilikuwa jeraha. Taalay huyu huyu, mwezi wa kumi, alimleta babake wodini amemzungushia zulia ili majirani wasijue, na akatangaza kwamba mzee amekwenda kumtembelea dada yake mjini. Dada mwenyewe alikuwa amekufa miaka mingi, na majirani wote walimzika.

"Niache nimwone," alisema Salkyn.

Mzee Mambetaly alilazwa chumba cha wageni, juu ya magodoro saba, chini ya mazulia mazuri kuliko yote ya nyumba. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Kila pumzi aliivuta kama mtu anayeteka maji kisima kirefu kwa kamba fupi.

"Umekuja," alisema. "Nilidhani nimekufa, maana... wananiheshimu mno."

Salkyn akapiga magoti, akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, akaacha uso wake usiseme kitu. "Unataka kurudi, mzee?"

"Nataka mashine. Usiku kucha nimelala nimeketi. Mwanangu anataka nini kwangu leo?"

"Anataka uinue mikono. Kondoo anakusubiri wewe."

Hapo palikuwa na jambo. Kwa watu wale kisu hakigusi shingo ya kondoo wa mgeni kabla mkubwa wa nyumba hajainua mikono na kuomba dua, na mlo usio na dua ni mlo uliolaaniwa. Anaweza kuwa mwenyekiti, anaweza kuwa waziri, hana namna ya kuirukia. Ndiyo maana wenye visu walikuwa wamesimama. Mzee Mambetaly alimtazama Salkyn, na ndani ya yale macho yaliyochoka kitu kikaanza kucheka.

"Basi dua yangu," alisema polepole, "iko kwenye mashine."

Taalay aliingia, amevua kofia. "Baba, kondoo yuko tayari."

"Mimi siko tayari."

"Ni kuinua mikono tu, baba. Neno moja."

"Nitaiinua kitandani kwangu."

"Kitanda chako si hiki?"

"Hili ni godoro la aibu yako." Mzee akanyamaza kuteka pumzi, wote wakamngojea. "Kitanda changu kiko kule ninakopumua. Nipeleke, niombe dua. Usiponipeleka, mwombe kondoo ajichinje."

Taalay akamgeukia Salkyn, uso mwekundu. "Wewe ndiye uliyemfundisha!"

"Mimi? Babako alifundisha hesabu nusu ya kijiji hiki. Nani wa kumfundisha?"

"Sawa. Wazee wamejaa kijijini. Baba hajambo, apumzike. Nitamleta mwingine, mkubwa kwa umri, ataomba." Akatoka na funguo za gari zikilia mkononi.

Salkyn hakumkimbilia. Alitoa simu.

"Bibi Uulkan? Taalay anatafuta mtu wa kumwombea dua. Mzee yeyote."

Upande wa pili ulisikika mlio wa ganda la mbegu likitemwa. "Niachie mimi," alisema bibi.

Kuna watu waliowahi kusikia juu ya mgomo wa madereva na mgomo wa walimu. Ala-Kungoy ilipata mgomo wa dua, na uliitishwa kitandani. Bibi Uulkan aliwazalisha nusu ya akina mama wa kijiji kile, na wazee wenzake aliwajua kwa majina ambayo hawakutaka wajukuu wao wayasikie. Akawapigia mmoja baada ya mwingine. Aliwaambia maneno yale yale: atakayeinua mikono leo nje ya wodi, mikono hiyo isiniguse nikifa. Halafu akakata simu kabla hawajabishana, kwa sababu salio lilikuwa dogo.

Taalay alianzia kwa mzee Sulaimankul, aliyepooza upande mmoja. Mzee alilala jikoni nyuma ya jiko, kwa kuwa ndiko kwenye joto, na mkwe wake alikuwa anamkanyagakanyaga kila akichota maji.

"Dua?" alisema Sulaimankul. "Mkono wangu mmoja ndio unaoinuka, mwanangu. Nao umeambiwa na Uulkan utulie."

"Lakini mzee, wageni!"

"Waambie waje wodini. Kule nina kengele. Hapa nikitaka kukojoa inabidi nimtupie paka kiatu ndipo watu wageuke."

Akaenda kwa bibi Sairakan. Mtoto wake wa kiume alisimama mlangoni, akakataa hata kumruhusu aingie. "Mwenyekiti, umeniambia nimchukue, nimemchukua. Usiku mzima ameita jina la muuguzi. Sikulala. Mke wangu hakulala. Sasa mama hataki kusema nami, anatazama ukuta. Ingia wewe umwombe dua, akikutemea mate usiseme sikukuonya."

Kila nyumba ilikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa moja. Mzee mmoja asiyesikia vizuri alikataa kabla hajaulizwa. Mwingine, ambaye hakuwahi kulazwa wodini hata siku moja na bado alipanda farasi, alisema, "Leo kwao, kesho kwangu," akaendelea kulisha farasi wake.

Taalay aliporudi, koti jipya lilikuwa na theluji mpaka magotini na hotuba ilikuwa imeloa mfukoni. Kondoo bado alisimama. Maji yalikuwa yamechemka mpaka yakapungua. Mvulana mmoja akapiga kelele kutoka juu ya banda kwamba gari jeupe limevuka daraja.

Salkyn alikuwa kizingitini, amekwisha kumvalisha mzee Mambetaly koti na kofia ya manyoya.

"Dada," alisema Taalay, na sasa sauti yake haikuwa ya mwenyekiti. "Watu watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Mimi wamenicheka tangu nilipouza vitunguu nikiwa na cheti cha uuguzi ukutani. Kicheko hakina meno, Taalay. Baridi inayo." Akamsogelea. "Geuka, uiname."

Aligeuka, akainama, akambeba babake mgongoni.

Wenye visu wakavitupa visu mezani, wakaenda kuwabeba wazee wao. Njia nzima ya Ala-Kungoy ikawa na wanaume walioinama, na vichwa vya wazee juu ya mabega yao, na sauti ya mzee Sulaimankul ikimwambia mwanawe asikimbie, yeye si jiwe la kutupwa. Waliingia wodini wakipiga miguu chini, theluji ikaruka hadi kwenye shuka. Salkyn alikuwa na muda wa kuwasha mashine na kumfunga mzee Mambetaly mpira wa hewa puani. Hakuwa na muda wa kufuta sakafu.

Mkuu wa tume aliitwa Bi Asylkan, mwanamke mwembamba, pua nyekundu kwa baridi, aliyezoea kuingia kwenye majengo na kutoka bila kunywa chai. Nyuma yake alikuwa kijana mwenye kamera. Akasimama mlangoni. Akatazama vitanda. Vingi vilikuwa na mtu. Viwili vitatu vilikuwa vitupu. Kisha akatazama chini.

"Nani amepiga deki kwa theluji?" aliuliza.

Bi Asylkan akatembea taratibu mpaka kitanda cha Sulaimankul, akanyanyua ncha ya blanketi. Mzee alikuwa bado ana buti miguuni.

"Vizuri sana," alisema, wala hakukasirika, alikuwa amechoka tu. "Mwezi huu hii ni mara ya tatu. Kijiji kimoja walinipangia vitandani watu wa kwaya. Mmekusanya wazee majumbani asubuhi hii ili nihesabu, sivyo? Wangapi kati ya hawa walilala hapa jana usiku?"

"Mimi," alisema Bibi Uulkan.

"Na wengine?"

Salkyn akisema wao ni wagonjwa wake wa kila siku, atasema nini tofauti na muuguzi mwingine yeyote anayetetea mshahara wake? Neno lake lilikuwa neno la mwenye duka. Hata hivyo hakutazama chini. Alimtazama Taalay. Hakumkonyeza, hakumsihi, alimtazama tu kama anavyomtazama mgonjwa anayepaswa kunywa dawa chungu, na ambaye dawa imekwisha kumiminwa.

Kijana wa kamera akainua kamera.

Taalay akavua kofia. "Jana usiku hawakulala hapa," alisema. "Kwa sababu yangu."

"Sikusikii vizuri."

"Kwa sababu yangu!" Sauti ikampasuka. "Mimi ni mwenyekiti. Huyu mwenye mashine ni babangu mzazi. Yuko hapa tangu mwezi wa kumi. Nilimleta nimemfunga zulia kama mali ya wizi, nikadanganya watu kwamba yuko mjini. Nina nyumba kubwa na sina pumzi ya kumpa. Niliposikia mnakuja, nilimtoa kitandani usiku, kwenye baridi hii, nikawaambia wenzangu watoe wao. Ili msituone. Ili mseme sisi ni watoto wema." Alifuta uso kwa kofia. "Basi. Piga picha."

Wanaume waliosimama ukutani waliinamisha vichwa, kila mmoja akisoma viatu vyake. Kijana wa kamera, ambaye naye alikuwa na nyanya yake mahali fulani, alishusha kamera bila kuambiwa.

Mashine ilikuwa inavuma. Bi Asylkan akavuta kiti, akaketi, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba alikuwa na baridi kweli kweli.

"Watu hunidanganya kila siku," alisema. "Hudanganya ili wajipambe. Sijakutana bado na mtu wa nchi hii aliyedanganya ili ajivue nguo mbele ya kijiji chake." Akamgeukia Salkyn. "Muuguzi, chai ipo?"

"Ipo, bibie, ila imepoa ikisubiri watu wamalize kuona aibu."

Alikunywa hivyo hivyo. Kisha akasema alichoweza kusema, na hakukipaka asali. Wodi haitafungwa. Vitanda visivyo na mtu vitaondoka. Makaa ya mawe yatakuja, lakini hayatavuka mwisho wa mwezi wa pili, mengine kijiji kijitafutie. Na muuguzi wa usiku, yule binti aliyekuwa akipokezana na Salkyn, mshahara wake haupo tena kwenye bajeti kuanzia wiki ijayo. Hilo hakuwa na namna nalo. Kama wangempa ufunguo wa hazina angefungua, lakini hawakumpa, walimpa mkasi.

"Hao wazee usiku wataangaliwa na nani?" aliuliza Salkyn.

"Sijui," alisema Bi Asylkan. "Nakwambia ukweli. Sijui."

Kondoo alichinjwa siku hiyo, baada ya mzee Mambetaly kuinua mikono akiwa kitandani, mpira puani, na kuomba dua ndefu makusudi huku wageni wakimeza mate. Nyama ililiwa wodini, kwenye kitambaa kilichotandikwa sakafuni kati ya vitanda, na Bi Asylkan alikula kama mtu ambaye hajakaribishwa mahali kwa miezi.

Gari jeupe lilipoondoka, wanaume walianza kuchukua kofia zao mmoja mmoja, wakijipenyeza kuelekea mlangoni. Salkyn akauegemea mlango kwa ndani.

"Mnakwenda wapi, waheshimiwa?"

"Nyumbani, dada. Kumekuchwa."

"Mmesikia alichosema mgeni. Muuguzi wa usiku hayupo tena. Mlikuwa hodari jana wa kuwabeba wazee gizani, kumbe usiku mnauweza. Wiki hii nitawafundisha mmoja mmoja: kumwosha mtu na kumgeuza asipate vidonda, kumpa maji asipaliwe, kusoma saa ya mashine, kunipigia simu kabla hajageuka rangi. Kila usiku mtu na zamu yake. Makaa tutayatafuta pamoja mwezi wa pili ukiisha, na mwezi wa tatu nitakwenda wilayani kudai muuguzi wangu, na nitakwenda tena wa nne, mpaka wanikimbie wakiniona."

"Mwanamume kumwosha mzee?" alisema mwana wa Bibi Sairakan. "Dada, watu watasema nini?"

"Watasema kweli!" alipaza sauti Bibi Uulkan kutoka dirishani. "Kwa mara ya kwanza."

Wanaume walitazamana. Hakuna aliyesogea mbele, na hakuna aliyethubutu kumsukuma Salkyn mlangoni. Halafu Taalay akavua koti lake jipya, akalitundika msumarini, akakunja mikono ya shati hadi viwikoni.

"Nianze na nini?" aliuliza.

"Na buti hizo. Zivue, umenijazia matope. Kisha nawa mikono kwa sabuni mpaka hapa, na maji ya moto, si ya kutania. Halafu njoo umshike babako bega hili nikuonyeshe."